Bega la Kulia

Siku ile niliamka roho juu juu, na sikuwa na sababu ya kumpa mtu yeyote. Nilifagia duka mara mbili. Nilipanga vibiringo vya uzi kwa rangi, nikavipangua, nikavipanga kwa unene, kisha nikaona afadhali vilivyokuwa mwanzo. Mama, aliyenifundisha kushona tangu miguu yangu haijafika kwenye kanyagio la cherehani, alinitazama juu ya miwani yake bila kusimamisha mguu.

"Una nini wewe mtoto?"

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hukaa chini."

Nikakaa. Kabla hajamaliza mshono mmoja nilikuwa nimesimama tena.

Ukutani, kwenye hanga, lilining'inia shati jeupe nililolimaliza jana yake. Lilikuwa la mchumba wangu. Mchumba wangu alikuwa mfamasia, mwenye duka la dawa mtaa wa pili, mtu msafi, mpole, kucha zake zimekatwa sawasawa kama za daktari. Shangazi yangu ndiye aliyemleta, na Shangazi akileta kitu hakirudishwi. Jumamosi wazazi wake walikuwa waje kwetu tupange tarehe ya ndoa, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimesema: shati atakalovaa siku hiyo nitamshonea mwenyewe. Leo, Jumatano, alikuwa aje kulijaribu.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia kwanza, manukato yakimtangulia, Mfamasia nyuma yake amebeba mfuko wa matunda.

"Hamjambo hapa! Mwanangu, mbona umesimama kama askari? Mkaribishe mwenzio!"

"Karibu," nilisema.

"Ahsante, Fundi," alijibu Mfamasia. Aliniita Fundi tangu siku ya kwanza, kwa heshima, na hakuwahi kupata ujasiri wa kuniita kitu kingine. Akamgeukia Mama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Habari za dukani?"

"Njema, Mama. Mafua yamewajaa watu, tunauza."

Aliingia nyuma ya pazia na shati mkononi. Tulisikia vifungo. Tulisikia kimya. Kisha kimya kikawa kirefu, na Shangazi, asiyevumilia kimya hata cha kumeza mate, akapaza sauti: "Baba, umelala humo?"

Pazia likafunguka.

Sijui nianzie wapi. Mikono ya shati ilimfika kwenye vifundo vya vidole. Kifuani mngeweza kumwongeza mdogo wake na bado wangepumua. Na upande wa kulia, begani, kitambaa kilikuwa kimelala vibaya, kimejikunja kuelekea shingoni, wakati bega la kushoto limenyooka vizuri. Miaka tisa ya ufundi, sijawahi kutoa kitu cha namna ile, hata nilipokuwa najifunza kwa vitambaa vya kufutia meza.

"Labda nimepungua," alisema Mfamasia kwa upole. Masikini, alikuwa anatafuta namna ya kunisaidia.

"Atanenepa akishaoa!" Shangazi alicheka peke yake. "Si ndiyo, wifi? Mwanangu ameacha nafasi ya chakula cha nyumbani!"

Mama hakucheka. Alikuwa amesimamisha cherehani. "Livue, baba," alisema. "Niletee hapa."

Alilaza shati mezani, akalinyoosha kwa viganja mpaka likawa halina kunjo, akachukua futi shingoni kwake. Mama akipima nguo huwa kama mtu anayesoma barua. Kwapa hadi kwapa: inchi ishirini na tatu. Mara mbili, arobaini na sita. Bega hadi bega: kumi na tisa. Mkono: ishirini na tano. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa naomba asilifanye. Aliweka rula ya mbao kutoka chini ya kola kwenda upande wa kushoto, akatia alama ya chaki. Akaigeuza kwenda kulia, akatia alama nyingine.

"Kulia kumeshuka nusu inchi," alisema.

"Mkono umeteleza," nilisema.

"Mkono haukati pande mbili, mbele na nyuma, ukateleza sawasawa kotekote." Alifungua daftari la vipimo, ukurasa wa Mfamasia, mwandiko wangu mwenyewe. "Kifua thelathini na saba. Ukiachia inchi nne, arobaini na moja. Bega kumi na saba. Mkono ishirini na tatu." Akainua macho. "Hakuna namba hata moja iliyokutana."

"Basi kafungua ukurasa wa mteja mwingine," alisema Shangazi. "Kazi nyingi, macho mawili."

Mama akapekua. Akapekua tena kutoka nyuma kuja mbele. Humo ndani mlikuwa na wateja wetu wote, wanene kwa wembamba, na wakati anageuza karatasi nilikuwa natazama sakafu, kwa sababu nilijua hatampata. Mtu yule hakuwa ameandikwa.

Akafunga daftari taratibu, akaliweka futi juu yake.

"Nilikata bila kufungua daftari," nilisema. "Nilidhani vipimo vyake navijua kichwani. Nitashona jingine. Leo leo."

"Sawa," alisema Mfamasia. "Nitarudi saa kumi unipime upya. Hakuna shida." Alivaa koti lake. Mlangoni alisita, akageuka. "Fundi, bega langu la kulia lina tatizo lolote?"

"Halina."

"Nilidhani hivyo," alisema, akatoka. Shangazi akamfuata, anaongea bado.

* * *

Mama alisubiri mpaka viatu vya Shangazi visisikike.

"Shati hili ni la nani?"

"La mchumba wangu. Nimelikosea."

"Sikukuuliza hivyo. Shati hili lina mtu ndani yake. Mkono mrefu, kifua kipana, bega limeshuka kwa kubeba kitu kizito miaka mingi. Nimeshamwona mtu huyu akiinama hapa kuitia mafuta cherehani yangu. Nataka unitajie wewe."

Sikumtaja. Hakukuwa na haja.

Tulimwita Spana. Alikuwa fundi wa cherehani, anazunguka maduka ya mafundi nguo mji mzima na viwanda vya miji ya jirani, begi la vyuma begani. Miezi minne iliyopita, alipomaliza kuweka sawa mashine ya Mama, alisimama mbele yangu akifuta mikono kwa tambara, akasema:

"Bi Futi, nipime."

"Unashonesha nini?"

"Sishoneshi. Nataka kujua tu mimi nina ukubwa gani. Kila nguo ninayonunua inanikataa."

"Huhitaji kupimwa mwili. Chukua shati lako moja linalokukaa vizuri, lilaze mezani, pima kwapa kwa kwapa, bega kwa bega, urefu wa mkono. Andika. Ukienda kununua, pima la dukani vilevile, ulinganishe. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kola, kila kiwanda kina namba zake."

"Sina linalonikaa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Niangalie."

Nikamwangalia, na kweli alionekana kama mtu aliyeazima nguo kwa watu wawili tofauti. Nikacheka. Nikachukua futi. Nikampima shingo, kifua, bega, mkono. Watu wengi wakipimwa hujaza kifua hewa wapate sifa. Yeye aliacha kupumua kabisa, mpaka nikamwambia atanifia dukani. Nilipofika begani nikamwambia, "Hili la kulia limeshuka."

"Begi la vyuma. Tangu nina miaka kumi na mitano."

"Linauma?"

"Jioni."

Mkono wangu ulikaa pale begani zaidi ya kazi ilivyotaka. Sekunde mbili, labda tatu. Yeye hakusogea. Mama alikohoa kule nyuma, nikaandika namba kwenye kipande cha karatasi, nikampa, akaondoka. Kwenye daftari sikuandika kitu kwa kuwa hakuwa mteja.

Tangu hapo kila wiki alikuja na shati alilonunua. Moja kubwa kama gunia. Jingine mikono imeishia kwenye viwiko. Kila mara nilimlazia shati mezani, nikampimia, nikamfundisha upya. "Wewe ni kichwa maji," nilikuwa namwambia, na yeye anatikisa kichwa kwa huzuni: "Kweli, Bi Futi. Hesabu inanipiga chenga." Tulikuwa tunacheka mpaka Mama anaweka mkasi chini kwa kishindo. Halafu Shangazi akamleta Mfamasia, na Spana akaacha kuleta mashati.

"Mama, hajaniambia neno lolote," nilisema. "Hata moja. Na mimi sijamwambia."

"Umemwambia kwa mita mbili za pamba nyeupe!" Mama alilipiga shati kwa kiganja. "Sikiliza. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majokofu. Kila siku yuko nyumba za watu, majokofu ya watu yanagandisha vizuri, letu limekufa miaka miwili. Nilimpenda, sikatai. Lakini nilichoka kumngoja. Mfamasia ana mlango. Saa moja jioni anaufunga, anarudi nyumbani. Nakutafutia mtu anayerudi nyumbani, kosa langu liko wapi?"

"Hakuna kosa, Mama."

"Basi lifumue hilo. Saa kumi umpime mwenzio kwa adabu, ukate jingine, na mambo yaishe." Alichukua mkoba wake. "Nakwenda kununua vifungo."

Alitoka. Nikachukua kifumulio, nikaanza na bega la kulia. Nikatia ncha chini ya uzi wa kwanza. Haukukatika, kwa sababu mimi sikuusukuma. Nilijaribu upande wa kushoto. Nilisimama, nikazunguka meza, nikanywa maji, nikarudi. Nusu saa ikapita hivyo, na shati likiwa zima.

Ndipo likanijia wazo la kijinga, na mimi mawazo ya kijinga huyafuata upesi kabla hayajapoa. Nilijiambia: nampelekea alivae. Lisipomkaa, basi ni mkono tu ulioteleza, naolewa Jumamosi ijayo au ijayo yake, na sitasumbuka tena. Nililikunja shati, nikafunga duka katikati ya siku, nikashika njia.

* * *

Spana alikodi chumba nyuma ya duka la rangi. Nilimkuta ameinamia mashine ya kiwandani iliyolazwa ubavu, ametia kipimo chembamba cha chuma kati ya sindano na ndoano yake, jicho moja amelifumba.

"Ngoja," alisema bila kuangalia. "Nikipitisha unywele mmoja, itaruka mishono." Akakaza skrubu. Akainua kichwa. Uso ukambadilika. "Bi Futi. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Vaa hili."

"La nini?"

"Usiulize. Vaa."

Alinawa mikono kwenye ndoo, akanawa tena, akaikausha kidole kimoja kimoja. Alinigeuzia mgongo akavua fulana, nami nikageukia ukuta kama mtu mwenye haya, kumbe nimeshaona. Nilipogeuka alikuwa anafunga kifungo cha mwisho.

Lilimkaa.

Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mikono iliishia pale mfupa wa kiganja unapoanza. Kifua kililala. Bega la kulia, lile lililosumbua kila nguo aliyowahi kuvaa, lilitulia bila kunjo. Nilikuwa nimeomba limkatae, na sasa nikajua niliomba nini hasa. Yeye aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena, akigusa mshono kwa kidole cha shahada.

"Ulinipima lini?"

"Siku ile."

"Mara moja tu? Miezi minne imepita."

"Mara moja."

"Karatasi nilibaki nayo mimi."

"Najua."

Alinitazama. Spana alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutafuta kasoro ndogo, na siku ile aliyaelekeza kwangu kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuchezea pindo la mtandio wangu. Nje mtu alikuwa anakoroga rangi kwenye kopo, krr, krr, krr.

"Hili lilikuwa la nani?" aliuliza.

"La mchumba wangu. Nilikata usiku wa juzi, nikidhani nakata la kwake."

Akaanza kufungua vifungo.

"Unafanya nini?"

"Siwezi kuvaa shati la mwenzangu."

"Halimkai yeye! Wewe huoni?"

"Naona. Ndiyo maana nalivua."

Hapo ndipo hasira ikanipanda. Nikageuka nisimtazame, na kwenye misumari ukutani nikayaona mashati yote aliyowahi kuniletea, yamepigwa pasi, yamepangwa, mengine bado yana kadi za dukani. Hakuna hata moja lililowahi kuvaliwa. Nikayatazama. Nikakitazama kile kipimo cha chuma mezani. Nikamtazama yeye.

"Mtu anayepima unywele," nilisema polepole, "anashindwaje kupima shati?"

Alikishika kifungo kingine.

"Nakuuliza wewe."

"Sikushindwa," alisema.

"Kumbe?"

"Siku ile ulivyonieleza mara moja nilielewa. Hata kabla hujanieleza nilikuwa naelewa." Alikuwa ameinamisha kichwa, kifungo kimemgandia vidoleni. "La kwanza nilikosea kweli, nilichukua haraka. Nikalileta, ukacheka. Basi nikaenda kutafuta jingine baya."

"Ulikuwa unachagua mabaya?"

"Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchagua mazuri. Lile la mikono mifupi nililitafuta siku mbili."

Nilitaka kucheka, nikajikuta natoa machozi, na hilo likanikasirisha zaidi. "Miezi minne! Umejaza ukuta mashati badala ya kufungua mdomo useme neno moja! Mimi nimekaa pale, nangoja, nasema labda leo, labda wiki ijayo, mpaka Shangazi akaja na mtu mwenye kinywa!"

"Ningesema nini? Mama yako akiniona anaweka mkasi mezani kama anaweka bunduki. Nina chumba kimoja. Nina begi la vyuma. Mwenzako ana duka lenye vioo."

"Nilikuuliza kuhusu vioo?"

"Hukuniuliza."

"Basi sema sasa."

Alivua shati, akalikunja kwa namna nilivyomfundisha, mabega kwa mabega, akanipa. Alikuwa amesimama kifua wazi na hakujali. "Sasa siwezi," alisema. "Sasa una mchumba. Siwezi kumposa mtu aliye mkononi mwa mwenzangu, hata kama roho inanitoka. Na inanitoka, Bi Futi. Lakini hilo silifanyi."

"Kwa hiyo unaniacha niende?"

"Nakwambia sitakuiba mlangoni kwa mtu."

Nililiweka shati juu ya mashine yake. "Baki nalo. Halimkai mtu mwingine duniani." Nikatoka. Nilitembea haraka mpaka mwisho wa mtaa, kisha nikagundua nimepita kona yetu, nikarudi.

* * *

Saa kumi Mfamasia alifika peke yake. Mama alikuwa amesharudi, amekaa nyuma ya pazia akichagua vifungo ambavyo tayari tulikuwa na makopo yake matatu.

"Niko tayari," alisema Mfamasia, akavua koti.

Nikachukua futi. Shingo. Kifua. Nilizungusha mikono mgongoni kwake, futi likakutana mbele, na nikaona kitu kilichonitisha. Vidole vyangu, ambavyo tangu asubuhi havikutulia hata juu ya kikombe, vilikuwa vimetulia kabisa. Ningeweza kuwa napima dirisha lishonewe pazia. Yeye alikuwa anapumua kwa shida, naye alikuwa ananitazama utosini.

"Thelathini na saba," nilisema. Nikateremsha futi. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamtazama usoni.

"Asubuhi ulikwepa kunitazama," alisema. "Sasa unanitazama. Nadhani asubuhi ilikuwa afadhali."

"Nisamehe."

"Kuna mtu?"

"Yupo."

"Mwenye bega."

"Ndiyo."

Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akaweka mikono yake misafi juu ya magoti. "Ameshakuposa?"

"Hapana. Leo amekataa kuniposa. Kwa sababu yako."

"Kwa hiyo huna uhakika naye."

"Sina."

"Na unamwacha aliye na uhakika."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Fundi? Nilikukosea wapi?"

"Hukunikosea popote. Nimekupima mara mbili sasa, na ukitoka hapo nje sitakumbuka namba hata moja. Wewe ni mtu mzuri. Nikiolewa nawe nitakuwa nafungua daftari kila siku nijue nani yuko nyumbani kwangu."

Nilisikia vifungo vikidondoka kimoja kimoja kwenye kopo nyuma ya pazia, kisha navyo vikaacha.

"Hilo linauma," alisema.

"Najua."

"Hujui." Hakupandisha sauti. Alisimama, akavaa koti, akakosea tundu la kifungo, akarekebisha. "Mama yangu ameshanunua viatu vya Jumamosi. Amevivaa ndani ya nyumba siku tatu avizoee. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mimi ndiye niliyevunja. Usibebe kitu."

"Nitamwambia hivyo," alisema, "kwa sababu ni kweli." Alipofika mlangoni hakugeuka. Nililia kidogo, sikatai. Hakustahili, na mimi ndiye niliyemfanyia.

Pazia likafunguka. Mama alikuwa amesimama, kopo mkononi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Shangazi yako utamwambia mwenyewe. Sasa hivi, kabla hajasikia kwa watu. Mimi simo."

Nikapiga simu. Shangazi alipokea kwa furaha, akaanza kunieleza viti vya Jumamosi amevipata wapi na vya rangi gani. Nilimwacha afike mwisho, kisha nikasema. Nilisema maneno kumi tu. Upande wa pili pakawa kimya, na huyu ni Shangazi, kisha mvua ikaanza. Mimi ni nani? Nimepewa dhahabu nimeitupa shimoni? Nimemvua nguo mbele ya watu, nimemuua kaka yake mara ya pili, ukoo mzima utanijua. Nilikuwa naitikia "ndiyo, Shangazi, ndiyo, Shangazi," simu nimeibana sikioni, ndipo nikahisi mkono unaichukua.

"Wifi," alisema Mama kwenye simu. "Ni mimi. Mwache mtoto. Mimi ndiye niliyekataa."

Niligeuka nimtazame.

"Ndiyo, mimi," aliendelea Mama, uso mkavu. "Leo asubuhi. Nimelala nikaamka nimekataa. Ukitaka kugomba, njoo ugombe na mimi, tuna miaka thelathini tunagombana, tumeshazoeana. Mtoto mwache." Akasikiliza. "Hata kaka yako angekuwa hai angekataa. Haya. Nisalimie wa kwako."

Akakata. Akaweka simu mezani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni muda mrefu.

"Mama..."

"Nyamaza. Nimekukinga na shangazi yako tu. Mimi mwenyewe bado sijakusamehe." Akaivaa miwani. "Na huyo wako hakunipendeza, na bado hajanipendeza. Lakini nimesikia ulivyomwambia mwenzio ukweli usoni, bila mtu wa kukushika mkono. Mimi kwa umri wako nisingeweza." Akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio, hakukanyaga. "Kesho saa nne aje. Aje na ndugu yake mmoja mwenye akili, kama anaye. Begi la vyuma aliache huko huko. Na akae kwenye kiti, nimuulize mwenyewe usiku huwa analala wapi..."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Kumwambia!"

"Simu si hii hapa mezani?"

Alikuwa anasema kweli, lakini mimi nilikuwa nimeshavuka barabara.